Blanketi, Madigadi na Jaketi la Gikomba: Historia ya Kuvaa Baridi Mlima Kenya

Juzi msee mmoja amenitumia picha kwenye inboksi. Jaketi jekundu, limevimba kama godoro, na bei yake inakaribia kodi yake ya miezi miwili. Anaenda Lenana mwezi wa nane na marafiki, mara yake ya kwanza. Swali: "Hili litanitosha?" Nikamuuliza chini atavaa nini. Akajibu bila wasiwasi, "Jinzi tu. Si ni kutembea?"

Sikumcheka. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda na jinzi, nitafika hapo. Lakini nilianza kuandika jibu fupi likageuka refu, ndiyo hili mnasoma. Kwa sababu mlima huu ushajaribiwa na watu waliovaa kila aina ya kitu, kutoka koti la sufu la Uingereza hadi blanketi la jela, na ukiangalia nani alifika wapi na amevaa nini, bei ya jaketi haikuelezi mengi.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe. Zile orodha za vifaa mnazotoa kwenye mtandao nyingi zimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi zenye majira. Kwao baridi inaingia mwezi wa kumi na mbili na inakaa. Theluji ni kavu, inapanguswa begani kama unga. Huku kwetu kwenye ikweta mambo ni tofauti: majira ya baridi yanakuja kila usiku na kuondoka kila asubuhi. Saa saba mchana unaweza kukaa nje ya kambi ya Shipton, mita 4,200, umevaa fulana na jua linakuchoma pua. Saa tisa usiku maji ya chupa yameganda. Na katikati ya hayo mawili kuna mvua, ukungu, mvua ya mawe na theluji inayoyeyuka ikikugusa. Yaani baridi yetu ni ya maji, na hapo ndipo watu wengi wanapatikana.

Hesabu ni rahisi. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa kwa karibu digrii sita na nusu. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya bahari na Lenana ni mita 4,985. Toa digrii ishirini kwenye jua la Nanyuki na bado hujahesabu upepo wala usiku. Sasa ongeza nguo iliyolowa: maji yanaubeba joto kutoka mwilini haraka kuliko hewa, karibu mara 25. Jinzi ni pamba. Pamba inakunywa maji na inakataa kuyaachilia. Ukipanda ukitoka jasho ndani ya jinzi, halafu usimame, umejifunga taulo baridi miguuni na uko mbali na nyumbani.

Na tusidanganyane ati watu wa huku hawakuijua baridi ya juu mpaka wazungu walipokuja na thamomita. Twende kwa jirani kidogo, Kilimanjaro. Mmishonari Johannes Rebmann alipouona mlima ule mwaka 1848 na kusema una theluji, wasomi wa London walimcheka: theluji gani kwenye ikweta? Lakini Wachagga walikuwa na habari zao za zamani kuliko za Rebmann. Kuna simulizi iliyoandikwa na wamishonari hao wenyewe, kwamba Rengua, mtawala wa Machame, aliwahi kutuma kundi kubwa la watu wakaangalie kile kitu cheupe, pengine ni fedha. Alirudi mmoja tu, akiwa na mikono na miguu iliyoganda. Ndiye aliyepeleka habari ya wenzake. Mimi huwa nafikiria sana juu ya yule mtu. Kundi lile halikukosa ujasiri, na miguu ya kupanda walikuwa nayo kuliko mimi na wewe. Kilichokosekana ni kitu cha kuzuia baridi isifike kwenye vidole.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia, alitoka Nairobi mwezi wa saba na msafara wa watu wapatao 170. Wazungu walikuwa sita. Waliobaki ni wapagazi Waswahili na Wakikuyu, pamoja na waongozaji wawili Wamaasai. Miongoni mwa wale sita kulikuwa na wataalamu wawili wa milima kutoka Courmayeur, mji mdogo wa Italia chini ya Mont Blanc: César Ollier na Joseph Brocherel. Tarehe 13 Septemba, hao wawili na Mackinder walisimama juu ya Batian, mita 5,199. Shule wanatufundisha jina moja. Kwa kweli bila wale wawili wa Courmayeur kukata ngazi kwenye barafu, Mackinder angerudi Nairobi na michoro ya maua.

Hizo ngazi ndizo nataka uzione. Kifaa chao kikubwa kilikuwa buti la ngozi lenye misumari chini na shoka la barafu la mpini wa mbao. Walipofika kwenye kipande cha barafu karibu na kilele, walikuta ni kigumu ajabu, kila hatua ni kupiga na kupiga. Ndiyo maana mpaka leo kile kipande kinaitwa Diamond, almasi. Mavazi yao yalikuwa sufu tabaka juu ya tabaka, na sufu, kwa wale mnaodhani ni kitu cha nyanya, ina uwezo ambao pamba haina: ikilowa bado inakupa joto. Kila msee anayeniuliza cha kununua kwanza huwa namwambia soksi za sufu, ananiangalia kama nimemtusi.

Miaka michache baadaye, huko huko Courmayeur, fundi wa chuma Henry Grivel alitengeneza meno ya chuma ya kufunga chini ya buti kwa mchoro wa Mwingereza Oscar Eckenstein. Mwaka 1929 mwanawe Laurent akaongeza meno mawili yanayochomoza mbele, ili mtu aweze kupanda ukuta wa barafu akiangalia mbele badala ya kukata ngazi siku nzima. Fundi wa jua kali, kama wetu wa Kamukunji. Kampuni hiyo ipo hadi leo na inauza kwa bei ya kuumiza, lakini ilianza na mtu, moto na nyundo.

Nyundo inanileta kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote.

Nanyuki, wakati wa vita vikuu vya pili. Waingereza wamewashinda Waitaliano Ethiopia na kuwaleta maelfu ya wafungwa Kenya. Kwenye kambi nambari 354 yuko Felice Benuzzi, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni ya Italia kule Addis Ababa, na mpanda milima tangu ujana. Siku moja mawingu yanafunguka, anaona Batian. Wewe na mimi tungesema mlima mzuri. Yeye akaanza kupanga kutoroka. Si kutoroka kwenda nyumbani, maana nyumbani ni mbali na katikati kuna vita. Kutoroka apande mlima, kisha arudi jela.

Akawapata wenzake wawili: Giovanni Balletto, daktari aliyejua milima, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda milima hata kidogo lakini alikuwa amechoshwa na jela. Vifaa? Hakuna. Kwa hiyo wakatengeneza. Mashoka ya barafu yalitoka kwenye nyundo. Meno ya chuma ya kufunga kwenye buti yalitoka kwenye madigadi ya gari bovu lililotupwa jalalani, pamoja na waya wa seng'enge. Kamba zilikuwa za katani, zile zilizoshikilia vitanda vyao. Nguo za kuzuia upepo zilishonwa kutoka kwa blanketi. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo kwa miezi. Ramani, na hapa huwa natabasamu kila mara, ilikuwa karatasi ya kopo la nyama ya Kenylon, iliyokuwa na picha ya mlima. Ufunguo wa lango waliunakili kwa kuubonyeza kwenye lami.

Walitoka tarehe 24 Januari 1943. Wakapita msitu wa ndovu na vifaru bila silaha ya maana. Barsotti akaugua, akaachwa kwenye kambi ya chini. Benuzzi na Balletto wakaujaribu Batian kupitia ukingo wa kaskazini magharibi, dhoruba ya theluji ikawarudisha. Tarehe 6 Februari wakafika Lenana na kusimika bendera ya Italia. Wakashuka wakiwa na njaa, wakaingia tena kambini kujisalimisha baada ya siku 18 hivi nje. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo cha peke yao. Mkuu wa kambi, kwa kuheshimu walichofanya, akapunguza zikawa saba. Mwaka 1947 Benuzzi alitoa kitabu cha safari hiyo, Fuga sul Kenya.

Watu wakisimulia hadithi hii huwa wanaishia hapo: moyo ndio kitu, vifaa ni vya waoga. Nakataa. Soma vizuri walichotengeneza. Hawakupoteza nguvu kwa kitu cha kupendeza. Kwanza walikuwa na kitu cha kushika barafu. Kisha cha kuzuia upepo, joto la sufu, buti, kamba, chakula. Kila kitu kwenye mzigo wao kilikuwa na kazi, na walijua kazi hiyo kabla ya kupata kitu chenyewe. Msee wa jaketi jekundu amefanya kinyume: amepata kitu kwanza, kazi atajua akifika.

Na bado vifaa vyao viliwawekea mpaka. Walifika Lenana, hawakufika Batian. Katani ikilowa na kuganda inakuwa kama fimbo. Kamba za nailoni ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kutumika duniani wakati huo. Moyo walikuwa nao wa kugawa. Sitaki mtu asome hadithi hii halafu apande na akala.

Kuna watu wengine wawili nitawataja haraka kwa sababu mnavaa kazi yao bila kujua. George Finch, aliyekuwa mwanakemia, alikwenda Everest mwaka 1922 akiwa amevaa koti alilojitengenezea: kitambaa cha puto, ndani manyoya laini ya bata. Wenzake wenye suti za sufu walimcheka, mpaka baridi ilipowafika. Lile jaketi jekundu kwenye inboksi yangu ni mjukuu wa koti hilo. Mwingine ni Vitale Bramani wa Italia. Mwaka 1935 wapandaji sita walikufa kwenye safari aliyokuwemo huko Alps, na vifaa vyao vya miguuni vilikuwa sehemu ya tatizo: buti za misumari zilikuwa nzito na za kupitisha baridi, kwa hiyo kwenye mwamba watu walibadilisha wakavaa viatu vyepesi, na hali ya hewa ikageuka. Bramani akarudi nyumbani akatafuta soli moja ya mpira yenye meno inayoshika mwamba na theluji. Ndiyo Vibram. Geuza buti lako uangalie chini, pengine jina lipo, na kama halipo, umbo la meno limeigwa kwake.

Tukirudi kwa manyoya ya bata: ni mazuri sana, mepesi, yanajikunja yanakaa kama mkate. Lakini yakilowa yanashikana na joto linaisha. Kwa mlima wa mvua kama wetu, pesa ikiwa ni kidogo, mimi ningechukua jaketi la nyuzi za viwandani na koti la mvua linalopita juu yake, na ningeacha lile jekundu dukani. Hiyo ni maoni yangu, wengine watanipinga huko chini na sawa tu. Meno ya chuma nayo, kwa njia za kawaida za kwenda Lenana, siku nyingi huyahitaji tena. Barafu aliyokuta Mackinder imeyeyuka karibu yote. Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, sasa ni vipande. Mnabeba chuma cha kutembelea barafu ambayo haipo. Badala yake kuna matope, na kwa matope ya njia ya Naro Moru hakuna buti la bei linaloishinda gambuti. Waganda kule Rwenzori wanalijua hilo zamani. Huko gambuti ndiyo kiatu rasmi karibu mpaka kwenye barafu.

Sasa aibu yangu. Mara ya kwanza nilipanda kwa njia ya Sirimoni na kundi lililokusanywa mtandaoni. Orodha tuliyotumiwa ilikuwa na sentensi moja kuhusu mavazi: mbebe nguo za joto. Nikabeba hudi mbili za pamba, jinzi, na boshori. Siku ya pili mvua ilitupata kwenye bonde la Mackinder, ya kunyesha kwa upande. Tulipofika Shipton jinzi ilikuwa imesimama yenyewe. Saa nane usiku tukaanza kupanda na tochi za kichwani, nikatoka jasho, na tulipofika juu alfajiri kila mtu akasimama kupiga picha. Ni hapo mwili unapokamatwa, watu wangu. Si ukipanda, ni ukisimama. Dakika kumi zikatosha. Nikaanza kutetemeka, halafu maneno yakaanza kunitoka vibaya, kama mlevi. Aliyeona si kiongozi wa kundi, ni mpagazi aliyekuwa amepanda nasi kusaidia. Akanivuta nyuma ya mwamba, akatoa suruali ya nailoni kutoka kwenye begi lake na kuniambia, "Vua hiyo kitu, kijana." Nikavua jinzi mita 4,985 juu ya bahari mbele ya watu wageni.

Wakati tunashuka ndipo nilipomwangalia vizuri alichovaa. Koti la samawati la kuzuia upepo, kifuani limedariziwa jina la mahali pa kuteleza kwenye theluji huko Ulaya. Ndani sweta la sufu la kijani kama la shule. Boshori. Gambuti mpaka kambini, viatu vya raba kutoka hapo. Kila kitu kwa kazi yake, mbinu ile ile ya Benuzzi, na sijui kama kuna hata kipande kimoja kilichonunuliwa kipya. Isipokuwa zile raba. Zilikuwa zimeisha soli, na ndizo alizopandia Lenana gizani.

Hii ndiyo sehemu ya historia inayonikera. Tangu mwaka 1899 vifaa bora vya baridi vimepanda mlima huu kwenye migongo ya watu ambao wenyewe hawakuvivaa. Tunajua jina la kila mzungu wa msafara wa Mackinder na mara nyingi hatujui waliobeba walifunika miguu na nini. Kila Jamhuri tunamkumbuka Kisoi Munyao, aliyepeleka bendera juu usiku wa uhuru mwaka 1963, na tunazungumzia bendera tu. Kule Kilimanjaro kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi uliofunguliwa mwaka 2003, unawaazima makoti, buti na suruali, na kanuni ya huko inaweka mwisho wa mzigo kuwa kilo 20. Lilipatikana kwa sababu watu walikuwa wakifa kwa baridi wakiwa wamebeba mahema ya wengine. Kwa hiyo unapolinganisha makampuni, muulize pia anayeuza safari: wapagazi watalala wapi, na watavaa nini? Akikwepa swali, hata koti lako asikuchagulie.

Msee wa inboksi nilimwambia arudishe jaketi kama bado ana risiti, aende Gikomba au Toi asubuhi marobota yakifunguliwa. Atafute kwa mikono, si kwa jina la kampuni. Nguo ya ndani ya sufu au nyuzi za viwandani, akunje ngumi kitambaani na ahisi kama ni pamba. Ikiwa pamba aiache. Sweta zito. Koti la juu, alipulizie kwa mdomo kwa ndani na aweke mkono upande wa pili. Upepo ukipita, ataganda. Suruali ya nailoni. Glavu jozi mbili, moja italowa. Soksi, jozi moja isiyovaliwa mpaka usiku wa kilele. Buti ndilo kitu pekee ningelipia vizuri, au kuazima Nanyuki na kulitembelea siku mbili kabla.

Yule mpagazi nilimrudishia suruali yake Old Moses, nikamuuliza koti lilimgharimu ngapi. Akacheka. Alisema koti lenyewe halikuwa bei, zipu ndiyo ilimsumbua: ilikuja imekufa, akampelekea fundi wa cherehani Naro Moru aweke nyingine, nzito, ya mahema. Akaifungua na kuifunga mara mbili mbele yangu ili niisikie.